Kabla ya kusema karuho, tuulize: alikunywa dawa gani?

Ndugu wachimbaji wa Shabunda, mama munaotwanga mawe, na jamaa zetu muko Bukavu munangoja habari kutoka ndani: leo siandike juu ya bei ya kasiterite, wala juu ya vizuizi vya barabarani. Nimeandika sana juu ya hayo, na nitarudi. Leo ninataka tuongee juu ya maini.

Munajua namna tunavyofanya huku kwetu. Mutu akianza kukonda, akitapika, macho yakigeuka manjano, hakuna anayeuliza mara mbili. Neno moja linapita kambi nzima kabla jua halijazama: karuho. Balimupa sumu. Na mara tu hilo neno likishatoka, swali linalobaki ni moja: nani? Hapo njo vita inaanza.

Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya vita kama hiyo. Ninaieleza hapa bila kutaja jina la mutu wala la shimo, juu wote bado ni wazima na tunakutana.

Kuko kijana mumoja alikuwa mu timu yetu, mimi nikiwa kapita. Alikohoa muda murefu. Vumbi, tukasema, kila mutu anakohoa. Siku moja akatema damu. Akaenda ku kituo cha afya, mwendo wa siku nzima kwa miguu, wakapima makohozi, wakakuta kifua kikuu. Wakamupa dawa za bure za miezi 6, wakamueleza namna ya kuzinywa. Akarudi na furaha, juu alijua sasa ugonjwa wake uko na jina.

Lakini kazi haingoji. PDG alikuwa na deni, na sisi tulikuwa na deni kwa PDG. Kijana aliposema mwili unauma, nilifanya kile makapita wote tunafanya: nilimupa parasetamol. Vidonge 2 asubuhi mbele ya kushuka. Vingine alinunua yeye mwenyewe ku butiki, 2 saa sita, 2 jioni, 2 usiku. Akaongeza na vile vya mafua, vya rangi, hakujua kama ndani yake muko parasetamol ileile. Kula, alikula bugali mara moja kwa siku. Na siku ya kugawa, alikunywa lutuku pamoja nasi. Nani angemukataza? Tulikuwa tunamupongeza, tukisema kijana anajikaza.

Ku juma la sita hivi akaanza kukataa chakula. Kisha mukojo ukawa kama Coca. Kisha macho. Kambi ikasema karuho. Na juu alikuwa na deni ya chakula kwa mama mumoja aliyetuuzia bugali na sombe, vidole vyote vikaelekea kwa yule mama. Usiku uleule vijana walienda kumuvunjia kibanda. Mama alikimbia na watoto wake kupitia porini.

Mugonjwa naye tulimupeleka kwanza kwa mutu wa dawa za miti, ili atapishwe. Tulipoteza siku 3. Alipoanza kusema maneno yasiyokuwa na mutu wala miguu, njo tukamufunga ku tipoyi, tukambeba siku 2. Kule muganga aliuliza swali moja tu: "Alikunywa nini?" Sisi wote tukanyamaza. Tuliona haya kusema lutuku, tuliona haya kusema ya mutapishaji. Ni bibi yake aliyefungua kitambaa, akamwaga pale mezani vidonge vyote alivyokuta mu nyumba. Muganga alivitazama muda murefu. Akasema: "Huyu hakupewa sumu na mutu. Maini yake yamechoka na dawa."

Alisimamisha zote. Baada ya majuma kadhaa macho yalipokuwa meupe tena, alimurudishia dawa za kifua kikuu moja moja, pole pole, akimupima. Kijana alimaliza matibabu. Anaishi. Yule mama hajarudi mpaka leo.

Tangu siku ile nimekuwa ninauliza: namna gani dawa inaweza kuua kama sumu? Nimesoma mpaka humanités tu, si chuo kikuu. Lakini mutoto wa dada yangu anasoma mambo ya farmasi Bukavu, na kila akipata reseau ananieleza kwa WhatsApp. "Mujomba," aliniambia, "ni maini njo yanapokea dawa kabla mwili haujaitumia. Na maini ya watu hayafanani."

Mimi nilimuelewa kupitia motopompa.

Sisi wote tunajua shimo lenye maji. Maji yanaingia, motopompa inayatoa. Pompa ikiwa na nguvu, watu wanashuka, wanachimba. Pompa ikiwa dhaifu, ama maji yakiingia kupita nguvu yake, shimo linajaa, na wale wako chini hawapandi. Dawa ni maji. Ini ni pompa. Kila kidonge unachomeza kinapita mu ini, na mule muko wafanyakazi wadogo sana wanaoitwa enzimu. Kazi yao ni kuigeuza dawa ili mwili uweze kuitoa, kwa mukojo ama kwa choo. Kila mutu amezaliwa na pompa yake, aliyoirizi kwa baba na mama. Ya mwingine inaenda mbio, ya mwingine inaenda pole. Ukimutazama mutu kwa macho, haujui.

Kuko mama mumoja wa kizazi cha Ethiopia, Profesa Eleni Aklillu, anafanya kazi Uswidi ku chuo cha Karolinska. Huyo njo mutoto wa dada yangu alinifundisha habari yake, na ninataka mumujue, juu yeye amepitisha miaka mingi akitafuta kitu kimoja: miili ya Waafrika inafanya nini na dawa ambazo zilipimwa kwanza ku miili ya watu wengine.

Mwaka 1996 yeye na wenzake waliandika kwamba kati ya Waethiopia waliowapima, 29 ku 100 walikuwa na nakala za ziada za kipande kimoja cha urithi kinachotengeneza enzimu inayoitwa CYP2D6. Maana yake, watu hao wako na pompa mbili ama tatu mahali wengine wako na moja. Ku Wazungu wa Uswidi, watu kama hao ni wachache sana. Sasa sikilizeni vizuri, vijana wa tramadol: hiyo enzimu njo ileile inayogeuza tramadol ndani ya mwili kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Mutu wa pompa nyingi anaweza kumeza kidonge kilekile na mwenzake, mwenzake akachekelea, yeye akalala na asipumue vizuri. Musiseme "fulani alikunywa 2 na hakuna kilichomupata." Fulani si wewe.

Kisha Profesa Aklillu alishirikiana na watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wa Ethiopia. Walifuata wagonjwa wa ukimwi wa nchi hizi mbili waliokuwa wakinywa dawa ileile, efavirenz, kipimo kilekile. Mwaka 2013 walichapisha walichokikuta. Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi mu damu. Lakini madhara ya ini yalionekana zaidi kwa Waethiopia. Angalieni hapo. Si Mzungu na Mwafrika. Ni Mwafrika na Mwafrika, jirani na jirani, na bado miili haikufanana. Sasa muniambie: Murega wa Shabunda, Mushi wa Walungu, Mubembe wa Fizi, mutu wa Kasai aliyekuja kutafuta dhahabu, nani alipima yetu?

Turudi ku kifua kikuu, juu huo ni ugonjwa wetu wachimbaji. Vumbi la mawe tunayoponda linakwaruza mapafu, na mapafu yaliyokwaruzwa yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mu dawa 4 za miezi 2 ya kwanza, 3 zinaweza kuchosha ini: izoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Izoniazidi ilianza kutumiwa mwaka 1952, na mu miaka ileile ya 1950 waganga waliona kwamba watu wengine wanaitoa mbio na wengine pole. Wale wa pole wako na hatari zaidi ya kuumia maini. Mu nchi nyingi za Afrika, wale wa pole wanakaribia nusu ya watu. Nusu! Mu timu ya watu 10, hesabu 4 ama 5. Wengi wao watapona bila shida. Lakini ukiwaongezea lutuku, njaa na parasetamol nyingi, umeongeza maji mu shimo lenye pompa ndogo.

Na parasetamol yenyewe? Hapa motopompa haitoshi, tutumie vumbi. Ukiponda jiwe upate dhahabu, jiwe linatoa vumbi, na vumbi njo linaua, si jiwe. Parasetamol vilevile. Ini likiigeuza, sehemu kubwa inatoka vizuri. Sehemu ndogo inageuka kitu kikali kinachochoma ini lenyewe. Watafiti wa Marekani, Jerry Mitchell na wenzake, walieleza hiyo mwaka 1973. Ini liko na kitu chake cha kuzima huo ukali, mufano wa maji tunayonyunyiza ili vumbi lisipande. Lakini mutu asiyekula vizuri, akiba yake hiyo ni ndogo. Na mutu anayekunywa pombe kila siku, ini lake linatengeneza ukali zaidi. Mutu wa shimo yuko na vyote viwili: tumbo tupu na lutuku.

Kwa hiyo shikeni hii: mutu mukubwa muzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, usiku ndani. Hicho ni kikomo cha mutu anayekula na asiyekunywa pombe. Mutu aliyekonda, mutu wa pombe, mutu wa dawa za kifua kikuu, hicho kikomo si chake. Aulize muganga, na chake kitakuwa chini. Kijana wetu alikuwa ku 8 kila siku, na vya mafua juu yake. Na 2 za kwanza za kila asubuhi nilimupa mimi.

Kuko na dawa ya tatu tunayoijua wote. Tangu mwaka 2005 Serikali yetu ilichagua artesunate pamoja na amodiaquine kwa kutibu malaria. Ni nani asiyejua vile inavyolegeza mwili? Watu wengi wanaitupa njiani, wanasema inaua. Ukweli uko katikati. Zamani wasafiri Wazungu waliinywa amodiaquine kila juma ili kujikinga, miezi na miezi, na mu miaka ya 1980 ilionekana kwamba wengine wao waliharibika maini ama damu, kuko na waliokufa. Kwa hiyo iliachwa kwa kujikinga. Kwa kutibu siku 3, inabaki dawa nzuri, na malaria inaua zaidi yake. Lakini enzimu inayoigeuza, watu wengine mu Afrika wako nayo dhaifu. Yule mwenzako anayelala siku 2 baada ya kuinywa, usimucheke kama muvivu. Mwili wake unasema kitu. Swali ni: nani anaandika kile mwili wake unasema?

Hapo njo ninataka kufika.

Profesa Aklillu ameongoza mradi unaoitwa PROFORMA, wa kufundisha nchi 4 namna ya kufuata madhara ya dawa: Ethiopia, Kenya, Tanzania na Rwanda. Rwanda! Ukisimama Bukavu ku Ruzizi, unaiona kwa macho. Sisi hatukuwemo. Sisemi Congo haina kitu. Kuko Kituo cha Taifa cha kufuata madhara ya dawa, ku Chuo Kikuu cha Kinshasa. Kuko ACOREP inayosimamia dawa. Kuko fiche ambayo muganga anapaswa kujaza mugonjwa akiumizwa na dawa. Lakini ndugu zangu, kutoka Lulingu mpaka Kinshasa ni mbali kiasi gani kwa karatasi moja? Yule kijana wetu, sijui kama fiche yake ilijazwa. Na kama haikujazwa, basi kwa hesabu ya dunia hakuna mutu wa Shabunda aliyewahi kuumia maini kwa dawa. Tuko wazima wote!

Musifikiri fiche ni mambo ya wasomi tu. Kumbukeni Ituri. Kuanzia mwisho wa 2014 mpaka katikati ya 2015, watu kule, watoto wengi, walianza kupinda shingo na uso, macho yakigeuka juu. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni meningiti. Wengine tungesema mashetani. Waganga pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka walihesabu, mugonjwa kwa mugonjwa, wakauliza kila mumoja: ulikunywa nini? Walifika zaidi ya watu 1000, na 11 walikufa. Vidonge vilipopelekwa kupimwa, vile vilivyoandikwa diazepam ndani yake haikuwa diazepam. Ilikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Dawa ya uongo. Ingeendelea kuuzwa mpaka leo kama hakuna aliyehesabu. Swali lile dogo, "ulikunywa nini?", njo lilifungua shimo.

Sasa ninajua wengine watasema: "Kama ni vile, dawa za kifua kikuu tuziache." Hapana! Mutu asitoe hilo neno mu maandishi yangu. Kifua kikuu bila dawa kinaua, na mbele ya kukuua kinaambukiza bibi na watoto. Dawa ikiachwa katikati, ugonjwa unarudi ukiwa mugumu kuliko mwanzo. Kile ninasema ni kingine: unywe dawa yako yote, uache lutuku mpaka umalize, na dalili zikitokea usingoje. Dalili ni hizi: chakula kukushinda, kutapika, uchungu chini ya mbavu upande wa kuume, mukojo mweusi, macho manjano. Siku hiyohiyo uende kwa muganga, si kwa mutapishaji, na muganga njo ataamua dawa gani isimame na gani irudi. Wewe usijiamulie.

Wengine watasema: "Kapita, unakataa karuho?" Sikatai kama watu wanaweza kuua wengine kwa sumu. Nimezika watu, sijui wote walikufa na nini. Na macho manjano yanaweza kutoka mahali pengi: hepatiti B, malaria kali, mawe ya nyongo. Lakini ninasema hivi: sumu iwe ya mwisho kufikiriwa, isiwe ya kwanza. Mbele ya kuuliza nani alimupa, tuulize alijipa nini, na sisi tulimupa nini. Ni rahisi kumushitaki mama muuza bugali. Ni ngumu kujishitaki mwenyewe, ama butiki yenye vidonge visivyo na karatasi, ama mupango wa kazi unaomushusha mugonjwa mu shimo kwa nguvu ya parasetamol.

Juu hiyo njo mambo ya sendika, na musiniambie eti nimetoka njiani. Tunapigania mbao za kushikilia shimo, tunapigania bei, tunapigania kitambulisho. Lakini mwili njo chombo cha kwanza cha muchimbaji. Nyundo ikivunjika unanunua nyingine.

Kwa hiyo ninaomba, na ninataka wenzangu wa sendika waombe pamoja nami, mambo 4.

Kwa Divisheni ya Afya ya Jimbo: mugonjwa wa kifua kikuu anayefanya kazi ya shimo apimwe ini mbele ya kuanza dawa, na apimwe tena dalili zikionekana. Kile kipimo cha damu kinaitwa transaminases. Vituo vingi vya kando ya mashimo ninavyovijua havina. Basi hata kama si kila kituo, kila hospitali jenerali iwe na dawa za kupimia, zisikose miezi na miezi eti juu ndege haikufika. Ndege za kubeba kasiterite zinafika.

Kwa waganga wetu, tunaowaheshimu: fiche ijazwe. Na mutueleze kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha haraka, dawa gani haipatani na gani.

Kwa makooperative na ma-PDG: muchimbaji anayetibiwa kifua kikuu apewe kazi ya juu, si ya chini, ku miezi 2 ya kwanza, na deni lake lingoje. Hakuna PDG aliyefilisika juu mutu mumoja alichekecha mchanga badala ya kushuka.

Kwa wenye butiki: musiuze kidonge kisicho na jina. Mutu akinunua, aone kimeandikwa nini na kitaharibika lini. Kidonge cha rangi nzuri ndani ya kipande cha gazeti, hata hii gazeti yetu, si dawa.

Na sisi wenyewe? Kila nyumba iwe na mufuko mumoja mudogo. Kila dawa inayoingia, karatasi yake iingie mule, ya hospitali, ya butiki, na ya miti pia. Siku ya ugonjwa, mufuko ule uende pamoja na mugonjwa. Muganga akiuliza, tuseme yote, na lutuku tuseme. Haya haijaponya mutu. Yule bibi aliyefungua kitambaa pale mezani aliokoa bwana yake kuliko sisi wanaume 6 tuliobeba tipoyi.

Namaliza na yule mama. Nilituma watu kumutafuta, niliambiwa yuko upande wa Matili, anauza tena. Nimetuma neno kwamba kambi ilikosea, kwamba mimi kapita nilikosea nikanyamaza wakati kibanda kinavunjwa. Hajajibu. Yuko na haki. Kama kuko mutu anasoma hii na anapita kule, amusomee kwa sauti.

Mushuke salama.